Somo: Kutumia modemu ya USB kwenye laptopu, na jinsi ya kujua imekwamia wapi

Wakuu, modemu ikigoma wengi wetu hufanya jambo lile lile: tunafuta programu, tunaipakia upya, tunazima na kuwasha laptopu, na mwisho tunaanza kutafuta modemu nyingine. Mara nyingi modemu yenyewe ni nzima. Kuanzia unapoichomeka hadi ukurasa wa kwanza ufunguke kuna hatua nne tu: ipate umeme wa kutosha, laptopu iitambue, laini isajiliwe kwenye mnara, halafu data ianze kupita. Kila hatua ina dalili zake. Ukijua imekwamia wapi, hutahangaika na programu ilhali tatizo ni laini, wala kulaumu laini ilhali tatizo ni tundu la USB.

Kabla ya yote, jua modemu yako ni ya aina gani, maana maelekezo ya aina moja hayafai kwa nyingine. Aina ya kwanza ni ile inayokuja na programu yake yenye kitufe cha kuunganisha. Ukikibonyeza, kwa ndani modemu inapiga namba *99# kama simu inavyopiga. Aina ya pili haipigi chochote. Inajitambulisha kwa laptopu kama kadi ya mtandao, inajiunganisha yenyewe ikishachomekwa, na mipangilio yake unaifungua kwenye kivinjari. Huawei wanaiita HiLink, na anwani yake mara nyingi ni 192.168.8.1, ZTE nyingi hutumia 192.168.0.1. Kama hujui yako ni ipi, ichomeke, subiri dakika moja, kisha andika anwani hizo kwenye kivinjari. Ukurasa ukifunguka, ni ya aina ya pili.

1. Andaa laini kwenye simu kwanza

Usianze na modemu. Weka laini kwenye simu, nunua bando, zima Wi-Fi ya simu, fungua tovuti yoyote. Ikifunguka, laini ni nzima na bando lipo, na mambo mawili yameshatoka kwenye orodha ya washukiwa. Ukiwa hapo hapo, ondoa PIN ya laini kwenye mipangilio ya simu. Programu nyingine za modemu huiomba PIN kwenye kidirisha kinachojificha nyuma ya madirisha mengine, mtu anadhani modemu imekufa. Na kumbuka ukikosea PIN mara 3 laini inafungwa hadi uweke PUK, yaani namba ya kuifungulia inayotolewa na kampuni ya simu. PUK nayo ukiikosea mara 10, laini hiyo ni ya kutupa.

Angalia pia ukubwa wa laini. Modemu nyingi za zamani zinachukua laini kubwa ya milimita 25 kwa 15, na wengi wetu sasa tuna nano ya milimita 12.3 kwa 8.8 iliyovikwa fremu ya plastiki. Hatari haipo wakati wa kuingiza, ipo wakati wa kutoa. Nano inateleza kidogo ndani ya fremu, ukingo wa fremu unanasa vile vidole vyembamba vya shaba, ukivuta kwa nguvu vinakunjika, na hapo modemu haitasoma laini tena. Bandika kipande cha selotepu upande usio na dhahabu, kishike nano na fremu pamoja, ndipo uingize.

2. Chomeka, halafu tulia

Tundu la USB 2.0 linatoa milliampia 500. Modemu inapotafuta mnara ulio mbali hutumia karibu umeme wote huo. Ndiyo maana ukiichomeka kwenye kigawanya USB kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya na flashi, inawaka, inazima, inawaka tena. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu.

Kwenye Windows utaona kitu kinachowachanganya wengi: inatokea alama ya kiendeshi cha CD wakati laptopu haina CD. Hiyo ni modemu yenyewe. Ndani yake kuna hifadhi ndogo yenye programu na draiva (programu ndogo inayoiwezesha laptopu kuongea na modemu), na ikichomekwa mara ya kwanza hujifanya CD ili uweze kusakinisha. Fungua hiyo CD, endesha faili la kusakinisha, na usiichomoe katikati hata kama sauti ya kuchomeka na kuchomoa inalia mara tatu nne. Inabadilika kutoka CD kwenda modemu. Kwenye Linux kazi hiyo inafanywa na programu iitwayo usb_modeswitch, na kwenye matoleo mengi imo tayari. Ukifungua "Device Manager" ukaona modemu ina alama ya mshangao ya njano, draiva haikukaa. Kama inaonekana kama CD tu na haibadiliki, hujamaliza kusakinisha, au antivairasi imezuia.

3. Soma taa

Hapa ndipo wengi wanaruka. Taa ndiyo inayokwambia modemu inaongea na mnara au la, na inakwambia bila kupitia programu yoyote. Kwenye modemu nyingi za Huawei, kijani ni 2G, bluu ni 3G, na samawati hafifu ni 3G ya kasi au 4G. Ikiwa inapepesa, imesajiliwa lakini haijaunganishwa; ikiwaka mfululizo, data iko wazi. Makampuni mengine yana rangi zao, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nayo. Cha muhimu ni kutofautisha kupepesa na kuwaka mfululizo.

Ikiwa haisajiliwi kabisa, rudi kwenye laini. Ikiwa inasajiliwa kwa kijani tu mahali ambapo simu yako inapata 4G, nenda swali la tano hapo chini.

4. Weka APN

APN ni jina la mlango ambao data yako inapitia kwenye kampuni ya simu. Kila kampuni ina lake. Modemu iliyouzwa na kampuni hiyo huwa nalo tayari, lakini ukiweka laini ya kampuni nyingine jina la zamani linabaki pale pale. Dalili yake ni hii: mawimbi yamejaa, laini imesajiliwa, ukibonyeza kuunganisha inakataa, au inaunganika na hakuna kinachofunguka.

Njia rahisi ya kupata APN sahihi ni kuisoma kwenye ile simu uliyojaribia laini: mipangilio ya mtandao wa simu, kisha majina ya APN. Nakili herufi kwa herufi, bila nafasi mwishoni. Kwenye programu ya modemu tengeneza profaili mpya, weka APN hiyo, namba ya kupiga *99#, jina la mtumiaji na neno la siri viache wazi isipokuwa simu inaonyesha vimejazwa. Hifadhi, ifanye profaili hiyo iwe chaguo la kawaida, kisha unganisha. Kwenye aina ya pili unafanya hayo hayo ndani ya ule ukurasa wa kivinjari, ila sehemu ya namba ya kupiga haipo.

Hapo intaneti inatakiwa iwe imeingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali la 1: Mkuu, yangu inaandika imeunganishwa na dakika zinahesabu, lakini kivinjari hakifungui kitu. APN nimehakikisha ni sahihi.

Jibu: Fungua "cmd", lile dirisha la Windows la kuandika amri, andika ping 8.8.8.8 ubonyeze Enter. Ukipata majibu yenye milisekunde, intaneti ipo, kinachokwama ni DNS, yaani kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye sifa za muunganisho huo uweke DNS kwa mkono: 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Usipopata majibu, angalia salio la bando kabla ya kitu kingine chochote. Baadhi ya makampuni bando likiisha hayakati muunganisho, yanazuia tu data isipite.

Swali la 2: Samahani kwa swali la kitoto. Kwa nini nisiwashe hotspot ya simu nikaachana na hii yote?

Jibu: Si la kitoto hata kidogo. Kama simu yako ni ya 4G na modemu ni ya 3G, tumia simu, na ukiweza iunganishe kwa waya wa USB ili betri isiishe. Modemu inafaa kwa mtu anayekaa na laptopu saa nyingi na hataki simu ichemke, au anayetaka laini ya kazi iwe peke yake.

Swali la 3: Modemu yangu inakubali laini ya kampuni moja tu. Nikiweka nyingine inadai namba ya kufungulia.

Jibu: Imefungwa na kampuni iliyoiuza. Namba ya kufungulia inatokana na IMEI, zile tarakimu 15 zilizoandikwa mgongoni au chini ya mfuniko. Anza kwa kuwaomba wenyewe waliokuuzia. Baadhi hufungua baada ya muda wa mkataba kuisha. Usibahatishe namba ulizookota mitandaoni, kaka. Huawei nyingi zinatoa nafasi 10 tu, zikiisha haikubali tena hata namba iliyo sahihi.

Swali la 4: Nilinunua bando la wiki, nikalala na laptopu imewaka, asubuhi limeisha. Sijapakua kitu!

Jibu: Wewe hukupakua, Windows imepakua. Hili linawapata zaidi wenye modemu ya aina ya pili. Kwa kuwa inajitambulisha kama kadi ya mtandao, Windows inaiona kama waya wa ofisini usio na kikomo, basi inashusha masasisho yote na kupandisha picha zako OneDrive. Ingia "Settings", "Network & internet", chagua muunganisho huo (kwako huenda umeandikwa "Ethernet"), washa "Metered connection". Hapo masasisho mengi yatasubiri. Kisha fungua sehemu ya "Data usage" uone ni programu ipi iliyokula, na uweke kikomo. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Windows 10 na 11, lakini yote yapo chini ya mtandao. Na ukienda kulala, chomoa modemu, dada yangu.

Swali la 5: Nimepewa modemu iliyonunuliwa nchi nyingine. Inashika 2G pekee, ilhali simu yangu hapa hapa inashika 4G.

Jibu: Minara hutumia masafa tofauti. 4G pekee ina masafa mengi, kwa mfano MHz 800, 1800 na 2600, na modemu inashika yale iliyotengenezewa tu. Tafuta namba ya modeli nzima mgongoni, pamoja na ile herufi au namba ya mwisho, maana modeli yenye jina moja inaweza kuwa na matoleo yenye masafa tofauti. Linganisha na masafa ya kampuni yako. Yasipolingana, hakuna programu ya kurekebisha hilo. Sababu nyingine ni kwamba modemu ni ya 3G na 3G imezimwa unakoishi. Ujerumani ilizimwa 2021, na Marekani kampuni kubwa zilimaliza kuizima 2022. Modemu ya 3G huko haina kazi tena.

Swali la 6: Inakatika kila baada ya muda mfupi. Nikiichomoa na kuichomeka inarudi.

Jibu: Kama inabidi uichomoe, nashuku umeme. Windows ina tabia ya kuzima tundu la USB ili kuokoa betri. Kwenye "Power Options" zima "USB selective suspend". Ikiendelea, jaribu tundu lingine. Lakini kama inakatika na kurudi yenyewe, hayo ni mawimbi: modemu inaruka kati ya 3G na 4G. Kwenye mipangilio ya mtandao ilazimishe ibaki kwenye mmoja, ule unaoshika vizuri.

Modemu za aina ya pili zinaonyesha kipimo cha nguvu ya mawimbi kiitwacho RSRP kwa upande wa 4G. Karibu na -80 ni nzuri sana, ikishuka chini ya -110 utateseka. Chukua waya wa kurefusha USB wa mita moja, sogeza modemu dirishani, itazame namba hiyo huku unaigeuza. Tofauti kati ya juu ya meza na kwenye kioo inaweza kuwa kubwa kuliko ya kubadili kampuni. Ukitaka antena ya nje, angalia kwanza tundu la modemu: kuna CRC9 na TS9, kwa macho zinafanana, lakini kila moja inataka kichwa chake.

Swali la 7: Programu ya modemu yangu haifunguki kwenye Mac mpya.

Jibu: Apple waliacha kukubali programu za biti 32 kuanzia macOS Catalina ya 2019, na programu nyingi za modemu za zamani ni za biti 32. Angalia kama mtengenezaji ana toleo jipya. Kama hana, iache hiyo modemu kwa laptopu ya Windows au Linux.

Swali la 8: Naweza kugawa intaneti ya modemu kwa simu yangu kupitia laptopu?

Jibu: Ndiyo, kwa "Mobile hotspot" ya Windows, ikiwa modemu ni ya aina ya pili. Aina ya kwanza inayopiga *99# mara nyingi hotspot hiyo inaikataa, inadai hakuna muunganisho. Kwa hiyo fungua sifa za muunganisho wa modemu, kipengele cha "Sharing", uugawe kutoka huko.