Ukisafisha draiva ya Linux, angalia kwanza probe ikifeli

Wadau, jana usiku hapa Mwanga, Kigoma, napitia draiva moja ya zamani nikakuta probe (fanksheni ya kuanzisha kifaa) inaomba memori kwa kzalloc, halafu interapti (ishara ya kifaa kuita prosesa) ikigoma kusajiliwa inarudi na erra bila kfree ya kuachia hiyo memori, yaani kila ikifeli memori inavuja na hakuna anayejua. Dawa yake devm_kzalloc, hapo keneli (kiini cha Linux) yenyewe inaachia memori probe ikifeli au draiva ikichomolewa. Ila msiende kichwakichwa jamani, ukiweka devm tafuta ile kfree ya kwenye remove (fanksheni ya kuchomoa draiva) uifute, maana kfree haitakiwi kugusa memori ya devm kabisa, keneli inaweza kukrashi na hiyo ni mbaya kuliko kuvuja. Kabla hujatuma pachi (faili la mabadiliko yako) ipitishe kwenye checkpatch.pl, skripti ya keneli ya kukagua pachi, na pachi moja ibebe badiliko moja tu.