Tuta la kuinuliwa nyumbani: bloku 18, toroli 12, na samadi iliyoiva kweli

Jumamosi nilikuwa Kigamboni kwa mamdogo, kumtengenezea tuta la mboga nyuma ya jiko. Pale kwake ni mchanga mtupu: unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka pameshakauka. Mchicha wake ulikuwa ukitoa majani manne tu, unachanua. Udongo wa kiwanja kizima huwezi kuubadilisha, ila kipande cha mboga ya jioni unakimudu.

1. Kingo

Mamdogo alikuwa ameniwekea mabanzi. "Mwanangu, si haya yapo? Bloku za nini tena?" Nikamwambia, mamdogo, mchwa wa huku unawajua kuliko mimi. Banzi linaliwa kuanzia chini, na mvua ya kwanza kubwa udongo wote unamwagika. Wapo wanaolipaka oili chafu ya gari ili lidumu. Kwenye kitu nitakachokila, hapana.

Mimi ni mtu wa bloku za inchi 6, zile za sentimita 45 kwa 23. Panga 6 kila upande mrefu na 3 kila upande mfupi, hizi fupi zikizifunika ncha za zile ndefu. Jumla 18. Ndani unabaki na mita 2.7 kwa 1.05, upana ambao mkono unafika katikati bila kukanyaga udongo. Simenti usiweke, siku ukitaka kulihamisha tuta utanishukuru. Zizamishe vidole viwili ardhini zisicheze, basi.

2. Chini

Tifua kwa jembe. Kama kuna magugu ya ndago, chimbua na vile vitunguu vyake vyote, maana hata ukitandika boksi la karatasi juu yake inalitoboa kama sindano. Nailoni usitandike kabisa, maji yatatuama na mizizi ioze.

3. Udongo

Toroli 6 za udongo tifutifu, 4 za samadi ya ng'ombe, 2 za pumba za mpunga zilizounguzwa. Changanya juu ya turubai.

Sasa hiyo samadi. Tuta langu la kwanza nilitumia ya kuku, kwa sababu ilikuwa karibu na bei ilikuwa ya kuokota. Muuzaji akaniapia imeiva. Nikapanda miche 40 ya sukuma wiki jioni, nikamwagilia, nikalala na furaha zangu. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa za kahawia, zinavunjika ukizigusa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nikadhani ni wadudu, nikapuliza majivu. Mchana mmoja nikaingiza vidole kwenye udongo kutoa mche uliokufa, nikakuta chini pana joto. Samadi ilikuwa bado inachemka, na miche yangu ndani yake.

Iliyopona nayo ikawa ya njano. Samadi ile ilitoka banda la broila, imejaa maranda, na maranda yakiwa yanaoza hunyang'anya mmea naitrojeni. Kwa hiyo niliunguza miche, halafu iliyobaki nikaishindisha njaa.

Tangu hapo neno la muuzaji naliacha palepale. Chomeka nondo katikati ya lundo, subiri dakika 10, ishike: ikiwa ya moto, ondoka. Nusa: ikikuchoma pua kama choo cha stendi, ondoka. Ikipita hapo, chukua konzi moja yenye unyevunyevu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni siku 3, kisha fungua. Samadi iliyoiva inanukia udongo wa mvua. Ukiwa na wasiwasi bado, panda maharage 10 kwenye kopo lenye mchanganyiko wako. Wiki moja yatakuambia.

Kama huna ila ya kuku, ilundike, iloweshe iwe kama sifongo lililokamuliwa, ifunike turubai, igeuze kila wiki kwa miezi 2. Usiikatishe, hasa kwa mboga za kula mbichi, maana vijidudu vya kinyesi navyo vinahitaji kufa. Na hata ikiiva, weka toroli 2, siyo 4.

4. Kujaza na kupanda

Jaza mpaka juu, mwagilia, acha wiki. Udongo utashuka, ongeza. Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu ndipo unyunyize, la sivyo zitaota rundo moja. Tandaza nyasi kavu katikati ya mistari. Bamia ziweke pembeni zisije kuzipa nyingine kivuli.

Halafu weka wavu siku hiyohiyo. Mamdogo alisema kuku wa jirani hawavuki ukuta. Jumatatu asubuhi amenitumia picha: jogoo yuko katikati ya tuta, amefukua mpaka kwenye bloku.