Somo: Kupima nguvu ya mbao za mtamaraki, aspeni na mpopla wa balsamu

Kwa kuwa swali la iwapo miti hii ya misitu baridi ya Kanada na Alaska inaweza kushindana na msprusi, mti wa mbao za ujenzi zinazotumika sana, huulizwa hapa kila mara, ninaandika utaratibu mzima ili kila mwenye mbao aanze kwa kuzipima.

Hatua ya 1. Chagua vipande visivyo na vifundo, vyenye nyuzi zilizonyooka.

Hatua ya 2. Virande kwa randa hadi milimita 25 kwa 25, urefu 410.

Hatua ya 3. Sawazisha unyevu, hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Viweke katika chumba chenye nyuzijoto 20 na unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi uzito usibadilike tena, ndipo vitakapokaribia asilimia 12 ya unyevu inayotumiwa katika majedwali ya nguvu za mbao. Aspeni mbichi huvunjika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 35 hivi, ilhali kavu hufikia 58, kwa hiyo anayeilinganisha ikiwa mbichi na msprusi mkavu ataukataa mti mzuri bila haki. Tahadhari: mpopla wa balsamu huficha mifuko ya maji ndani. Baada ya jaribio, ili kujua unyevu halisi, kata kipande karibu na mvunjiko, kipime uzito, kikaushe katika oveni ya nyuzi 103, kisha gawanya uzito wa maji yaliyotoka kwa uzito wa kipande kikavu, wala si kibichi.

Hatua ya 4. Kiegemeze juu ya vihimili viwili vilivyoachana milimita 360, kisha kibonyeze katikati polepole hadi kivunjike.

Hatua ya 5. Zidisha mzigo wa juu, kwa niutoni, kwa 360 na kwa 3. Gawanya kwa mara mbili ya upana uliozidishwa kwa mraba wa kimo. Ukitumia milimita, jibu ni megapaskali. Linganisha na mbao kavu: mtamaraki 80, msprusi mweupe 65, aspeni 58, mpopla wa balsamu 47.

Swali: Mpopla wangu umetoa 30. Haufai?
Jibu: Hukutaja unyevu. Rudi hatua ya 3.

Swali: Je, nitumie hiyo 80 kukadiria boriti za paa?
Jibu: Hapana. Ni ya vipande visivyo na kasoro. Boriti ina vifundo, na ina viwango vyake vya usanifu.

Swali: Kama mtamaraki una nguvu hivyo, kwa nini unapuuzwa?
Jibu: Swali zuri sana. Hukua zaidi kwenye vinamasi, mashina mengi ni membamba, na nyuzi zake huzunguka shina, hivyo ubao hujipinda unapokauka. Hata hivyo kiini chake huhimili kuoza kwa kiasi, ndiyo maana hufaa kwa nguzo za uzio, na zamani mizizi yake iliyopinda ilichongwa viungo vya mataruma ya merikebu.

Swali: Na aspeni?
Jibu: Haina utomvu wala haitoi vibanzi vinavyochoma, kwa hiyo hupendwa kwa mabenchi ya sauna, viwandani hukatwa vipande vyembamba vinavyogandishwa kwa gundi kuwa mbao bapa za kuta na paa.

Swali: Nitatambuaje mpopla wenye mifuko ya maji kabla ya kuukausha?
Jibu: Pima kila ubao mbichi wa ukubwa uleule, ulio mzito kupita wenzake uutenge, uukaushe peke yake na polepole.