Kabla ya kompyuta, anza na chukudu
Mwalimu mwenzangu wa Goma, ukitaka wanafunzi waelewe mfumo wa teknolojia, acha kwanza mchoro wa ubaoni. Mwombe mwenye chukudu, ile skuta kubwa ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekwisha kushusha viazi akupe nusu saa (umlipe, maana muda wake ndio bugali wake). Wachuchumae, waguse: mbao za mkaratusi, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, kipande cha mpira kinachokanyagwa nyuma kuwa breki. Kisha uliza swali moja tu: tukiondoa mpira wa gurudumu, nini kingine kitaharibika? Hapo kelele huanza. Wangu walifika hadi kwenye mawe ya volkano barabarani, kwamba nayo yamo katika mfumo. Mzee mwenye chukudu akadakia: breki aliibadilisha baada ya kuteleza mteremko wa Kibumba.