Jinsi ya kumpa mbwa wako jibini ya mbuzi bila kumdhuru

Mbwa mwenye afya anaweza kula jibini ya mbuzi, mradi iwe kidogo na isiwe imechanganywa na kitu. Mimi ni daktari wa mifugo, na wengi wanaoniuliza swali hili wameshaambiwa kwamba maziwa ya mbuzi hayana laktosi, sukari ya maziwa inayosumbua matumbo ya mbwa wengi. Si kweli. Yana asilimia 4 na ushei, karibu sawa na ya ng'ombe. Kinachosaidia ni utengenezaji: maziwa yakishaganda, sehemu kubwa ya laktosi hutoka na maji yanayochujwa.

Hatua ya 1: Soma lebo yote

Hapa usiharakishe, kwani hatari kubwa iko kwenye viungo. Jibini laini ya mbuzi mara nyingi huuzwa ikiwa imepakwa kitunguu saumu, majani ya vitunguu au pilipili manga. Vitunguu vya kila aina, hata vya unga, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: ufizi unapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, mbwa anahema hata akiwa amelala. Usikwangue viungo vya juu ukampa ya ndani, iache kabisa.

Yenye zabibu kavu nayo usimpe, zinaua figo. Yenye ukungu wa bluu huweza kuwa na roquefortine C, sumu inayoleta mitetemeko na degedege. Feta hukaa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo haifai kuwa kitafunwa cha mbwa.

Hatua ya 2: Hakikisha maziwa yalipasteurishwa

Kama unanunua kwa mfugaji, muulize kama maziwa yalipashwa moto kuua vijidudu. Maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kubeba Brucella melitensis, bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, ambao huwapata watu pia. Akikwambia hayakupashwa moto, usinunue, si kwa ajili ya mbwa wala kwa ajili yako.

Hatua ya 3: Jaribu kwanza

Mpe kipande cha ukubwa wa punje ya njegere, siku ambayo hujambadilishia chakula kingine. Subiri hadi kesho yake. Akiharisha, akijaa gesi au akijikuna kuliko kawaida, jibini haimfai.

Hatua ya 4: Pima kiasi

Vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya kalori zake. Mbwa wa kilo 10 hutumia takriban kalori 600 kwa siku, kwa hiyo vitafunwa viishie 60. Gramu 20 za jibini laini ya mbuzi zina kalori zaidi ya 50, na hapo nafasi ya kitafunwa kingine imeisha. Mbwa wa kilo 3 asivuke gramu 8. Mimi hushauri kiasi cha chini zaidi ya hicho, mara moja au mbili kwa wiki.

Mbwa mnene, au aliyewahi kuugua kongosho, usimpe kabisa, kwa sababu ya mafuta. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo, muulize kwanza daktari wake. Mbwa akitapika mara kwa mara, akakataa chakula na kuinama kifua kikiwa chini na makalio juu, hayo ni maumivu makali ya tumbo: mpeleke kliniki siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Ukitaka kufichia dawa

Jibini laini hufinyangika vizuri kuzunguka kidonge, ila si kila kidonge. Kalisi iliyomo hunasa doksisaiklini, antibiotiki ambayo wengi hupewa kwa magonjwa ya kupe, na enrofloksasini, antibiotiki nyingine, pia, dawa ikafika kwenye damu ikiwa pungufu. Vidonge hivyo vifiche kwenye nyama iliyochemshwa bila chumvi, kisha hakikisha mbwa amekunywa maji, kwa sababu doksisaiklini ikikwama njiani huunguza umio.