Somo: Kufikisha hoja ya kijiji serikalini kabla wajumbe hawajapanda ndege kwenda COP

Kila mwezi wa Novemba, COP (mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa kila mwaka) ikikaribia, huulizwa, "Mwenyekiti, tutaandamana wapi?" Kufikia hapo msimamo wa nchi umeshaandikwa. Anayetaka neno lake liwemo alipeleke mapema. Naeleza tulivyofanya sisi wakulima wa Garsen, Kaunti ya Tana River, Kenya, baada ya mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023.

Hatua ya 1: Ijue ahadi ya nchi yako.
Chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, kila nchi huandika ahadi yake ya tabianchi na kuihuisha kila miaka mitano. Ile ya Kenya ya 2020 ilisema ifikapo 2030 tutapunguza gesijoto kwa asilimia 32 chini ya kiwango ambacho kingefikiwa bila hatua yoyote, kwa gharama ya dola bilioni 62. Sasa tazama hapa: mfukoni mwetu tuliahidi kutoa asilimia 13 tu ya fedha hizo. Zilizobaki ni za kutafutwa nje, na ndipo swali la nani atazipata linapoanza.

Hatua ya 2: Hoja moja, ukurasa mmoja.
Barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa sita, kuanzia mikoko hadi bei ya mbolea. Karani wa ofisi moja aliipinduapindua, akaniuliza, "Mzee, hii niiweke faili gani?" Sikuwa na jibu.

Ya pili tulishika hasara na uharibifu peke yake, yaani madhara ambayo mabadiliko ya tabianchi yameshaleta. Mfuko wake ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukazinduliwa Dubai mwaka 2023. Tulikwenda ghalani, maji yalikoacha mstari wa tope ukutani, usawa wa kiuno changu. Tukaweka tepu ya fundi, tukapiga picha namba zikisomeka. Miembe iliyooza mizizi tuliihesabu shamba kwa shamba, kila mwenye shamba akitia sahihi. Mwisho tukaandika ombi la sentensi moja: Kenya idai fedha za mfuko huo ziweze kufika moja kwa moja kwa vikundi vya wakulima.

Hatua ya 3: Ipeleke kwa njia inayoacha alama.
Anza na kamati ya wadi ya mipango ya tabianchi, kisha kaunti, na nyingine iende Wizara ya Mazingira. Usingoje tangazo la kukusanya maoni, ingawa likitoka jibu upesi. Nenda na nakala mbili, yako igongwe muhuri na tarehe. Bila muhuri utaambiwa haikufika.

Hatua ya 4: Dai jibu.
Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza maoni yenu yalifanyiwa nini. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, na sababu zako hazikunyimi haki hiyo. Ofisi ina siku 21. Ikinyamaza, nenda Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Chama chetu cha akina mama hakijasajiliwa. Tutasikilizwa?
Jibu: Dada, haki hiyo ni ya raia. Andika kwa jina lako, sahihi za wenzako ziambatane.

Swali: Mimi niko Tanga. Hizo siku 21 zinanihusu?
Jibu: Hapana, ndugu. Tanzania mna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya 2016, na muda wake ni siku 30. Ukurasa mmoja na muhuri ni vilevile.

Swali: Kuna watu wamekuja na mkataba wa biashara ya hewa ukaa kwenye ardhi yetu ya jamii hapa Kenya, wanataka sahihi wiki hii.
Jibu: Haraka hiyo ingenitia shaka. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inataka mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwa miradi ya ardhini jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka. Fungueni karatasi yao mtafute namba hiyo. Isipokuwepo, msitie sahihi.

Swali: Mwenyekiti, nyinyi mlijibiwa?
Jibu: Siku ya 19. Aya mbili: wamepokea, na wanataka hasara ya miembe kwa ekari, si kwa idadi ya miti. Jumamosi tunapima upya. Mwenye tepu ndefu aje nayo.