Kubadilisha tyubu za amplifaya yako: ikiingia kwenye soketi haimaanishi ni yake

Kama una amplifaya ya tyubu nyumbani, yani ile yenye vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, mapema ama baadaye utashikwa na hamu ya kubadilisha tyubu usikie tofauti. Hamu haina ubaya. Shida ni kwamba watu wengi wanaanza kuuliza tyubu gani ni tamu na bado hawajajua amplifaya yao inakubali nini, na hilo huwezi kulijua kwa macho manake tyubu kibao zina pini zilezile, zinaingia kwenye soketi vizuri bila kubishana, alafu ukiwasha ndo unagundua kumbe haikuwa yake.

Anza kwa kujua uko na amplifaya ya namna gani. Hizi ndogo za bluetooth kutoka China ambazo watu wanaagiza mtandaoni, zenye tyubu mbili juu, mara nyingi nguvu ya kusukuma spika inatoka kwa chipu ndani, tyubu ziko pale mwanzo kupitisha sauti tu, na ile rangi ya chungwa kali chini yake saa ingine ni LED imefichwa ndani ya soketi. Usiidharau lakini, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Kama tyubu zake ni 6J1, zile fupi za pini 7, unaweza kuweka 5654 ama 6AK5 ama EF95, ni familia moja. Kama ni 6N3 za pini 9, tafuta 5670. Bei yake haitishi, hakuna cha kurekebisha, unazima, unangoja zipoe, unachomoa, unachomeka. Usitegemee miujiza tu, spika zako bado ndo zinaamua mambo mengi.

Zile kubwa zenye transfoma nzito nyuma, hizo ndo za kuheshimu. Ndani mna volti 400 na kitu, na kapasita zinaushika huo umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Habari njema ni kwamba kubadilisha tyubu hakuhitaji kufungua chini, kila kitu unafanyia juu, kwa hiyo kama huna mazoea ya kushika maltimita kwenye volti kubwa, basi kile kifuniko cha chini usikiguse, mwachie fundi. Na kuna sheria moja haina mjadala: usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo inaweza kuungua, na hiyo mara nyingi ndo kipande cha bei kali kuliko tyubu zote ukizijumlisha.

Sasa tuje kwenye majina. Kwa majina ya Marekani namba ya mbele inakuambia volti za hita, yani ule waya wa ndani unaowaka: 5 ni volti 5, 6 ni 6.3, 12 ni 12.6. Kwa majina ya Ulaya herufi E ya mbele ni 6.3. Ndo maana tyubu moja ina majina mawili, 12AX7 ni ECC83, 12AU7 ni ECC82, 12AT7 ni ECC81 (hizi tatu hita yake inaweza kufungwa kwa 12.6 ama 6.3, ndo maana 12 na E zote ziko sawa), 6DJ8 ni ECC88 na ndugu yake aliyeboreshwa ni 6922 ama E88CC. EL84 ni 6BQ5, EL34 ni 6CA7. Andika jina la zile ulizonazo kwenye karatasi kabla ya kununua chochote, na unaposoma maandishi kwenye kioo usisugue na kitambaa, ile rangi ya zamani inafutika mara moja na hapo umebaki na tyubu isiyo na jina.

Anzia kwa tyubu ndogo za mbele, zile sauti inapoingilia. Hapo ndo unapata tofauti kubwa kwa pesa kidogo, manake kelele yoyote ya tyubu ya kwanza inakuzwa na zote zinazofuata. Chukua mfano wa 12AX7, inakuza mara 100. 5751 inaingia mahali pake bila kugusa kitu na inakuza kama mara 70, kwa hiyo kama volyumu yako inafika juu sana hata kabla hujazungusha nusu, na kuna ile shhh ukikaribia spika, 5751 itakusaidia kuliko tyubu yoyote yenye jina kubwa. 12AU7 nayo ina pini zilezile na hita ileile lakini inakuza chini ya mara 20 na inataka mkondo mwingi zaidi, haitalipuka, ila sauti itakuwa imelala na sakiti haikutengenezewa hiyo. Mtu akikwambia "weka tu, zote ni 12A-kitu", mshukuru alafu endelea na yako.

Hatari yenyewe iko kwa zile zinazofanana umbo tu. 6922 ina pini 9 na inaingia kwenye soketi ya 12AX7 laini kabisa, lakini waya za hita zimepangwa tofauti, pini ya 9 kwenye 12AX7 ni katikati ya hita na kwenye 6922 ni ngao tu. 6N2P ya Urusi vilevile, wauzaji wanaiita "12AX7 ya Urusi" na sauti kweli inakaribiana, ila hita yake ni ya 6.3 peke yake, ukiitia kwenye soketi iliyofungwa kwa 12.6 umeiua. 6N1P badala ya 6922 ni mtego mwingine, pini sawa, volti sawa, lakini hita ya 6N1P inakula miliampia 600 wakati 6922 inakula karibu nusu ya hapo, kwa hiyo transfoma yako ndo inabeba mzigo usioujua. Kabla ya kulipa pesa tafuta karatasi ya data ya tyubu zote mbili, linganisha vitu vitatu: pini, volti za hita, na ampia za hita. Kimoja kikikataa, achana nayo hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Tyubu kubwa za kusukuma spika zinanunuliwa kwa jozi zilizolinganishwa, mbili ama nne, usichanganye mpya na ya zamani. Hapa kuna amplifaya za namna mbili. Kuna zinazojirekebisha zenyewe, hizo unachomeka tu. Alafu kuna zenye bayasi ya kuwekwa kwa mkono, yani ule mkondo unaopita kwenye tyubu hata muziki ukiwa kimya, utaona viskrubu vidogo na matundu ya kupimia, saa ingine na mita ya kimshale juu. Hizo ukibadilisha tyubu bila kuweka bayasi upya unacheza na moto, na huu moto si wa methali.

Hesabu yake si ngumu. EL34 imeruhusiwa kuchoma wati 25 kwenye pleti, lile bati la ndani ya kioo. Unachukua asilimia 70 ya hapo, ni wati 17.5. Kama pleti ina volti 430, gawa 17.5 kwa 430 unapata 0.0407, yani kama miliampia 40 kwa kila tyubu. Kama amplifaya yako inapimiwa juu ya rezista ya omu 1 basi maltimita itasoma milivolti 40, kama ni rezista ya omu 10 itasoma milivolti 400. Kitabu cha amplifaya kikisema namba ingine fuata kitabu. Punguza huo mkondo wa bayasi hadi chini kabla ya kuwasha, washa, ngoja dakika kama kumi zipate moto vizuri, alafu panda polepole tyubu moja baada ya ingine, ukimaliza rudia ya kwanza manake zinavutana. Zima taa ya sebule uangalie. Kioo kikiwa na mwanga wa buluu kidogo pembeni sio tatizo, lakini bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima hapohapo, usiulize mtu kwanza.

Na watu wanaopenda kutoa EL34 waweke KT88 ili "iwe na besi": KT88 inakula ampia 1.6 za hita badala ya 1.5, hiyo ni kidogo, ila kazi ya kweli ni kwenye bayasi na uwezo wa transfoma. Kama mtengenezaji hakusema inakubali zote mbili, mimi nisingeweka. Kutoka 6L6 kwenda EL34 ni mbaya zaidi, hita inapanda kutoka ampia 0.9 hadi 1.5, na pini ya 1 ya EL34 ina gridi ambayo lazima iunganishwe na katodi, wakati kwenye 6L6 hiyo pini mara nyingi haina kazi na fundi aliyejenga anaweza kuwa ameitumia kushikia waya mwingine kabisa.

Rektifaya, yani ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, kama amplifaya yako inayo ya tyubu, iache kwanza. GZ34 inakula ampia 1.9 na 5U4G inakula 3, zinaingia soketi moja, umeshaelewa naenda wapi.

Sasa umeme wetu. Uganda ni volti 240 na hezi 50 kwa karatasi, lakini pima mwenyewe kwenye soketi yako, jioni watu wakipika na saa nane usiku wakilala hutapata namba moja. Amplifaya nyingi za China zimezungushiwa transfoma ya 220. Ukiipa 240, hita ya 6.3 inakuwa 6.87, na mwisho unaoruhusiwa ni asilimia 10 juu, yani 6.93. Hapo uko ukingoni hata kabla umeme haujaruka, na ile pleti ya volti 430 imepanda hadi karibu 470 na bayasi uliyoweka imekimbia. Kwa hiyo stabilaiza nzuri kwangu inakuja kabla ya tyubu za bei, sibishani juu ya hilo. Kama amplifaya ni ya Marekani ya 120, utahitaji transfoma ya kushusha, na hakikisha hiyo transfoma na amplifaya yenyewe zote zimeandikwa hezi 50/60, ile ya 60 peke yake itapata moto ukiipa 50. Umeme ukikatika zima swichi ya amplifaya, ukirudi ngoja kwanza utulie.

Alafu tusidanganyane kuhusu Yaka, ule umeme wa kulipia kabla. EL34 nne, hita peke yake ni wati 38, pleti ni wati 70, hapo umeshapita 100 na hujaongeza volyumu hata kidogo, hata ikiwa imenyamaza inaendelea kula. Ukimaliza kusikiliza, zima.

Kununua: Kampala maduka mengi ya vifaa vya umeme hayana tyubu, ulizia mafundi wa redio wa zamani, Katwe na kwingineko, kuna wazee wana makasha ya tyubu za redio na televisheni za kale na hawajui zina thamani gani, ama wanajua vizuri sana, inategemea umemkuta nani. Mpya zinatengenezwa sehemu chache: JJ za Slovakia, kiwanda cha Saratov kule Urusi kinachotoa Electro-Harmonix na Sovtek, na China kuna Psvane na wenzake. Mullard na Tung-Sol za siku hizi ni majina ya kale yanayotoka hukohuko Saratov, sio Mullard zile za Blackburn Uingereza wala Tung-Sol zile za Marekani, zinaweza kuwa nzuri lakini usilipe bei ya antiki. Ukiuziwa Telefunken ya ECC83 geuza uangalie chini katikati ya pini, kuna alama ya almasi imechorwa kwenye kioo chenyewe. Maandishi ya wino mtu yeyote anaweza kuchapa. Angalia pia lile doa la fedha ndani ya kioo, likiwa limegeuka jeupe hewa imeingia, hiyo imekufa. Ukiagiza nje piga hesabu ya ushuru na VAT ya asilimia 18 mapema, na kama mzigo unakuja kwa basi kutoka Nairobi kupitia Busia ama Malaba mwambie muuzaji azifunge moja moja kwa sponji, alafu kutoka stendi hadi nyumbani zishike mkononi, usimkabidhi boda aziweke mbele.

Kuchomeka: zima, chomoa ukutani, ngoja zipoe kabisa. Tyubu ya pini 9 vuta juu ukiitikisa kidogo huku na huku, usizungushe, pini zinapinda. Ile kubwa shika kwa kiuno cha plastiki chini sio kioo, na unaporudisha tafuta ule ulimi wa katikati ukae kwenye mfereji wake. Pini zikiwa na kutu safisha, soketi puliza vumbi, na kama unakaa karibu na barabara ya murram hilo vumbi utalijua. Mende pia wanapenda joto la amplifaya, na msimu wa senene usiku madirisha yakiwa wazi funika, nimeshatoa mabawa ndani ya soketi.

Badilisha tyubu moja kwa wakati, sikiliza siku kadhaa, ndo uguse ingine. Ya kupimia mimi natumia kadongo kamu, gitaa moja na mtu anaongea, hakuna mahali pa kelele kujificha. Ukisikia kutatarika upande mmoja badilishana tyubu ya kushoto na ya kulia, kelele ikihama na tyubu ndo yenyewe, isipohama tatizo liko kwa soketi ama sakiti. Gonga kioo taratibu na penseli, sauti kidogo kwenye spika ni kawaida, ikilia kama kengele na kuendelea hiyo usiiweke mbele, ipeleke soketi ya nyuma ambako haikuzwi sana. Zile ulizotoa zikiwa bado nzima zirudishe kwenye boksi, andika tarehe na upande iliyokuwa.